Kamba Mmoja Awa Wawili, Jenasi Sita Zawa Moja: Vinasaba na Upangaji wa Kamba wa Bahari ya Hindi

Kamba wanaomfikia mkazi wa Kamwokya, mtaa wa Kampala unaopakana na Kira Road, huja kwa njia mbili zisizokutana. Wa kwanza ni kamba wadogo wa Ziwa Victoria, wenye urefu wa sentimita mbili au tatu, ambao hunaswa katika nyavu za mukene, yaani dagaa wa ziwa, wakaanikwa juani pamoja nao na kuingia sokoni wamechanganyika; wa pili ni kamba wa baharini, ambao husafirishwa wakiwa wamegandishwa, na mara nyingi wamekwisha kukatwa vichwa na kumenywa maganda kabla ya kufungwa katika pakiti. Katika lugha ya sokoni wote hao ni kamba, na tofauti inayohesabiwa ni ya ukubwa na bei. Ukoo wao, hata hivyo, uligawanyika zamani mno. Mwaka 1963 mtaalamu Mmarekani Martin Burkenroad aliwatenga kamba ambao jike huachia mayai majini mara tu anapotaga na wale ambao jike huyabeba mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe, na mwaka 2019 uchunguzi ulioongozwa na Joanna Wolfe, uliolinganisha mamia ya sehemu za vinasaba vya kamba, kaa na jamaa zao, ulionyesha kwamba matawi hayo mawili yaliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kamba wa Ziwa Victoria yumo katika tawi la wabeba mayai pamoja na kaa na kamba koche, ilhali kamba mkubwa wa Mombasa na wa delta ya Rufiji yumo katika tawi la pili. Kwa hiyo kamba wa ziwani ni ndugu wa karibu zaidi wa kaa kuliko wa kamba wa baharini ambaye anafanana naye kwa umbo.

Mgawanyo huo mkubwa unaweza kuonekana hata kwa mtu asiye na darubini, ilimradi mnyama awe mzima. Tumbo la kamba, yaani ile sehemu inayoliwa, lina pingili sita, na kila moja katika tano za kwanza imefunikwa na bamba la gamba linaloteremka ubavuni. Kwa kamba wa baharini wa familia ya Penaeidae, bamba la pingili ya kwanza hulala juu ya la pili, la pili juu ya la tatu, na kuendelea hivyo hadi nyuma. Kwa kamba wa ziwani, bamba la pingili ya pili ni pana na hulalia la mbele yake na la nyuma yake pia. Miguu nayo inasema jambo hilohilo, kwa kuwa kamba wa Penaeidae ana vikoleo katika jozi tatu za kwanza za miguu ya kutembelea, na yule wa ziwani ana vikoleo katika jozi mbili tu.

Kazi huwa ngumu zaidi inapofika katika ngazi ya spishi, yaani kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na kurithishana sifa zao. Katika maji ya pwani ya Kenya, hususan Ghuba ya Ungwana ambako mito ya Tana na Sabaki humwaga matope na virutubisho, wavuvi huvua spishi tano za Penaeidae ambazo vitabu vimeziorodhesha kwa muda mrefu kuwa Penaeus indicus, Penaeus monodon, Penaeus semisulcatus, Penaeus japonicus na Metapenaeus monoceros. Ili kuzitenganisha, wataalamu wamezoea kuhesabu meno yaliyo juu na chini ya pembe nyembamba inayochomoza mbele ya macho ya kamba, kupima mifereji iliyo kwenye gamba la kichwani, na kuchunguza viungo vya uzazi, ambavyo kwa dume huitwa petasma na kwa jike huitwa theliko. Petasma ni kiungo kilichoundwa na miguu ya kwanza ya kuogelea iliyoungana, na hutumika kupeleka kifuko cha mbegu. Theliko ni sehemu ya chini ya kifua cha jike ambako kifuko hicho huwekwa. Kwa kuwa viungo hivyo vina maumbo tofauti sana kutoka kundi moja hadi jingine, vilichukuliwa kwa zaidi ya karne moja kuwa ushahidi mkuu wa undugu.

Ushahidi huo umefanya kazi kubwa na haustahili kubezwa. Pamoja na hayo, hata spishi mashuhuri zimewahi kuchanganywa: Penaeus monodon, kamba mkubwa mwenye milia anayeweza kuzidi sentimita 30, alipewa jina lake na Johan Christian Fabricius mwaka 1798, lakini maelezo ya Fabricius yalikuwa mafupi kiasi kwamba jina hilo lilitumiwa na baadhi ya waandishi kwa mnyama mmoja na wengine kwa jirani yake, semisulcatus, mpaka Mholanzi Lipke Holthuis alipolichambua suala hilo mwaka 1949. Isitoshe, mbinu ya kutazama umbo inahitaji mnyama aliyekomaa na aliye kamili. Kiluwiluwi cha kamba kinachoingia kwenye mikoko kikiwa na urefu wa milimita chache hakina petasma wala theliko iliyokamilika, na kamba wa kwenye pakiti aliyekatwa kichwa amepoteza pembe, meno, mifereji na kifua chote. Mtu wa Kampala, aliye mamia ya kilomita kutoka bahari iliyo karibu, hukutana na kamba wa baharini akiwa tayari hana alama nyingi ambazo vitabu vinamtaka atazame.

Vinasaba, yaani DNA, havikatwi pamoja na kichwa. Kila seli ya msuli wa mkia inavyo, na kipande cha nyama kidogo kuliko punje ya mchele chatosha. Kipande hicho huhifadhiwa katika spiriti kali, aghalabu ya asilimia 95 au zaidi, wala si katika formalini iliyozoeleka kwenye majumba ya makumbusho, kwa sababu formalini hulinda umbo la mnyama lakini huharibu vinasaba vyake. Baada ya kuyeyusha nyama na kutenga vinasaba, mtafiti huchagua sehemu moja na kuizidisha mara mamilioni kwa mbinu ya PCR, ileile ambayo wakazi wa Kampala waliizoea kwa jina wakati wa vipimo vya UVIKO-19; tofauti ni kwamba katika korona ilitafutwa alama ya kirusi, na hapa hutafutwa jeni ya kamba mwenyewe. Sehemu inayotumika sana ni jeni iitwayo COI, iliyomo ndani ya mitokondria, yaani vile vijumba vya seli vinavyozalisha nishati, ambavyo vina vinasaba vyao vyenyewe na hurithiwa kwa mama. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kwamba kipande cha jeni hiyo chenye herufi zipatazo 650 kitumike kutambulisha spishi za wanyama. Herufi hizo ni nne tu, A, T, G na C, na mpangilio wake hubadilika polepole kizazi baada ya kizazi, hivyo makundi mawili yaliyoacha kuzaliana muda mrefu huwa yamejikusanyia tofauti nyingi kuliko wanyama wa kundi moja walivyotofautiana wao kwa wao.

Katika familia ya Penaeidae, mbinu hiyo imeleta matokeo mawili yanayoelekea pande zinazopingana, na ndiyo sababu suala lake linastahili kuangaliwa kwa makini. Mahali pamoja jicho liliona spishi moja, vinasaba vikaonyesha mbili. Mahali pengine jicho liliona jenasi sita, vinasaba vikazirudisha kuwa moja.

Tokeo la kwanza linamhusu Penaeus japonicus, kamba mwenye mikanda ya rangi ya kahawia mwilini, ambaye Spence Bate alimpa jina mwaka 1888 na ambaye alisemekana kuenea kutoka Japani hadi pwani ya Afrika Mashariki na Kusini, Bahari ya Shamu, na hata Mediterania alikoingia kupitia Mfereji wa Suez. Mwaka 2005 Tsoi, Wang na Chu walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kamba hao ni makundi mawili yaliyotengana wazi katika vinasaba vya mitokondria, na kwamba makundi hayo yanatofautiana pia katika mikanda ya rangi kwenye gamba la kichwani, alama ambayo watu walikuwa wakiitazama miaka yote bila kuipa uzito. Kundi moja linakaa Japani na bahari za China. La pili limeenea Asia ya Kusini-Mashariki, Australia, Bahari ya Shamu, Mediterania na magharibi mwa Bahari ya Hindi. Cha kutia moyo ni kwamba makundi hayo yanapatikana pamoja katika Bahari ya China Kusini, na hata hapo yanabaki yametengana. Kama yangekuwa jamii moja iliyotofautiana kwa sababu ya umbali tu, yangechanganyika yalipokutana.

Mwaka 2014 watafiti waliokuwemo Tsoi, Chu, Chan na Sean Fennessy wa Durban walikamilisha kazi hiyo kwa kuongeza jeni na sampuli kutoka sehemu nyingi, wakatangaza kwamba kundi la pili ni spishi kamili. Haikuwa lazima kuibunia jina, kwa sababu Thomas Stebbing alikwisha kumwelezea kamba wa Afrika Kusini mwaka 1914 na kumwita Penaeus pulchricaudatus, na waandishi waliofuata wakalifuta jina hilo wakidhani kwamba ni japonicus yuleyule. Jina lililolala kwa miaka 100 likafufuliwa na ushahidi ambao Stebbing mwenyewe hakuweza kuuota. Kwa Afrika Mashariki athari yake ni ya moja kwa moja: ikiwa kundi la magharibi mwa Bahari ya Hindi ni pulchricaudatus, basi kamba mwenye mikanda aliyeorodheshwa katika ripoti za uvuvi za Kenya na Tanzania kwa jina la japonicus anapaswa kuandikwa upya, na maarifa ya Kijapani kuhusu ukuaji na uzaaji wa japonicus, ambayo ni mengi kwa sababu Wajapani ndio waliotangulia kumfuga, hayawezi tena kuhamishiwa kwake bila kupimwa.

Tokeo la pili lilileta mvutano mkubwa zaidi. Mwaka 1997 Isabel Pérez Farfante, mzaliwa wa Kuba, na Brian Kensley, mzaliwa wa Afrika Kusini, walichapisha kitabu kinachoorodhesha jenasi zote za kamba wa kundi hili duniani, na ndani yake jenasi kongwe Penaeus ikagawanywa kuwa sita: Penaeus, Fenneropenaeus, Litopenaeus, Farfantepenaeus, Melicertus na Marsupenaeus. Jenasi ni ngazi iliyo juu ya spishi, inayokusanya spishi zenye babu wa karibu, na msingi mkuu wa mgawanyo huo ulikuwa viungo vya uzazi. Litopenaeus, kwa mfano, wana theliko iliyo wazi, na Marsupenaeus, jina lililotolewa na Nasima Tirmizi wa Karachi mwaka 1971, wana theliko yenye mfuko. Kwa hiyo kamba mweupe wa Ungwana na Rufiji akawa Fenneropenaeus indicus, na kamba wa Amerika ambaye leo anafugwa kuliko mwingine yeyote duniani akawa Litopenaeus vannamei.

Wafugaji na watafiti wa magonjwa hawakuridhika, na mwaka 2007 Timothy Flegel, mtafiti wa kamba nchini Thailand, aliandika makala ya kutetea haki ya kuukataa mgawanyo huo. Hoja kwamba kubadili majina kunasumbua isingetosha peke yake, kwani elimu haisimami kwa sababu watu wamezoea jina fulani. Kilichotosha ni uchunguzi wa mwaka 2011 wa Ma, Chan na Chu, ambao hawakutegemea mitokondria pekee bali waliunganisha jeni zake na zile za kiini cha seli, ambazo hurithiwa kwa baba na mama. Kanuni iliyoongoza uamuzi wao ni kwamba kundi halali katika upangaji wa viumbe ni lile linalojumuisha babu mmoja na wazao wake wote. Kundi linalowaacha nje baadhi ya wazao ni kama ukoo unaomhesabu kaka na kumsahau dada. Melicertus ilishindwa kipimo hicho, kwa sababu Marsupenaeus alikutwa ndani ya tawi lake, na wanasayansi hao wakapendekeza kwamba wote warudi kuwa Penaeus. Wataalamu wengi wamelikubali pendekezo hilo, lakini majina ya mwaka 1997 hayajatoweka, na ndiyo maana pakiti mbili za kamba wa aina moja zinaweza kuandikwa, moja Litopenaeus vannamei na nyingine Penaeus vannamei, bila kuwepo udanganyifu wowote.

Somo linalotokana na kisa cha jenasi sita ni zito kuliko mabishano ya majina. Viungo vya uzazi viliaminiwa kwa sababu ni vigumu na vina maumbo ya kipekee, kumbe upekee hauonyeshi undugu kila mara, maana kiungo kinachohusika na kujamiiana kinaweza kubadilika haraka katika tawi moja dogo na kubaki vilevile katika matawi mengine yote. Mtu aliyegawa makundi kwa theliko aliona tofauti ya kweli. Alichokosa ni kipimo cha kumwambia tofauti hiyo ilizuka lini, na ndicho ambacho jeni nyingi kwa pamoja humpa.

Masuala haya yana uzito wake kwa watu wanaoishi kwa kamba. Katika Ghuba ya Ungwana wavuvi wadogo na meli za kukokota nyavu waligombania eneo moja kwa miaka mingi, hadi Serikali ya Kenya ikapiga marufuku meli hizo mwaka 2006, na Tanzania nayo ikasimamisha uvuvi wa meli za kamba baada ya muda mfupi. Ili uvuvi usimamiwe, swali la kwanza ni kama kamba wa spishi fulani ni jamii moja au ni jamii kadhaa zisizochanganyika, kwani jamii ndogo iliyojitenga ikivuliwa kupita kiasi haitajazwa na majirani. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Thomas Mkare, wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mitokondria vya indicus, monodon na monoceros kutoka sehemu mbalimbali za ghuba hiyo, na hawakupata dalili kwamba yeyote kati yao amegawanyika ndani ya ghuba. Maana yake ni kwamba mikoko ya upande mmoja na uwanda wa kuvulia wa upande mwingine vinalisha hazina ileile, na mtu anayelinda kona moja tu hajailinda hazina hiyo.

Ipo hatari, hata hivyo, ya kuviamini vinasaba kwa upofu uleule uliotumika kuiamini theliko. Katika historia ndefu ya seli, vipande vya vinasaba vya mitokondria huhamia ndani ya kiini cha seli na kubaki humo kama nakala zisizofanya kazi, zikibadilika kwa mwendo wao wenyewe. PCR haiwezi kutofautisha nakala hizo na jeni halisi, na mwaka 2008 utafiti wa Song na wenzake kuhusu panzi na kamba wa maji baridi wa Marekani ulionyesha kwamba nakala hizo zinaweza kumfanya mtafiti ahesabu spishi nyingi mahali palipo na moja. Mwaka 2011 watafiti wengine waligundua tatizo la jinsi hiyo kwa Penaeus monodon mwenyewe, katika sehemu ya mitokondria ambayo wengi walikuwa wakiitumia kuchunguza jamii zake. Ndiyo sababu kazi inayoaminika hutumia jeni kadhaa za asili tofauti, hurudi kwenye umbo la mnyama kutafuta alama inayokubaliana nazo, na huhifadhi mzoga wenyewe ili mwingine aweze kuuchunguza upya.

Uganda haina bahari, lakini haijakosa swali la aina hii, kwa kuwa kamba wa maziwa ya eneo hili nao wamewahi kuzua mabishano. Mwishoni mwa karne ya 19 kamba wa Ziwa Tanganyika walikuwa miongoni mwa wanyama waliomfanya Mwingereza J. E. S. Moore adai kwamba ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya kale, nadharia aliyoieleza katika kitabu cha mwaka 1903, ilhali W. T. Calman, aliyewachunguza kamba hao mwaka 1899, alikwisha kuwaweka katika familia ya Atyidae, ambayo ni ya maji baridi. Kamba wa Ziwa Victoria, Caridina nilotica, anayeitwa ochonga kwa Kiluo, ni wa familia hiyohiyo. Idadi yake iliongezeka sana baada ya sangara kuwamaliza wengi wa samaki wadogo waitwao nkejje katika miaka ya 1980, akawa chakula muhimu cha sangara wenyewe, na leo ni sehemu ya vyakula vya kuku na samaki wa kufugwa. Jina nilotica lilitumika zamani kwa kamba waliotawanyika kutoka Afrika hadi Asia, na wengi wao wametengwa baadaye kuwa spishi nyingine. Mwaka 2009 Jasmine Richard na Paul Clark wa London, wakitumia umbo, walielezea spishi 14 mpya za Caridina wa Afrika kwa mara moja.

Ili kujua kama ochonga wote wa Ziwa Victoria, Kyoga na Albert ni nilotica mmoja, vinasaba vyao havitoshi peke yake. Jina hilo lilitolewa na Polydore Roux mwaka 1833 kwa kamba wa Mto Nile nchini Misri, kwa hiyo mtafiti wa Uganda atahitaji kamba wapya kutoka Nile ya Misri, waliohifadhiwa kwa spiriti tangu siku waliyovuliwa, awaweke kando ya wale wa Jinja na kuwasoma pamoja, jeni kwa jeni na bamba kwa bamba.